Safari Sitini na Moja

Nilikinunua Memorial, juu ya turubai la viatu,
katikati ya kandambili na chaja zilizopoteza simu zao:
kidude cha usukani, kioo kina mkwaruzo mmoja mrefu,
elfu kumi na tano. Muuzaji aliapa kinafanya kazi
kwa kiapo kile kile alichoapia soli za raba.

Mimi ni fundi, Majengo. Baiskeli naijua kwa sikio.
Mnyororo mkavu hulalama, gololi zilizokwisha hutafuna,
tairi lililolegea hunong'ona kabla halijakuangusha.
Sikuwahi kuhitaji setilaiti
inijulishe kwamba kilima ni kilima.

Lakini usiku, nilipokichomeka kwenye umeme,
kilifunguka kimejaa.
Safari sitini na moja. Jina hakuna.
Mtu wa kilo sitini na nne,
moyo unagonga mara mia na sabini na nane
kila barabara inapoinuka baada ya Rau.
Niliona haya, kama aliyefungua barua isiyo yake
halafu akaendelea kusoma.

Alinizidi mwendo, hilo nakiri.
Kwenye mteremko wa kurudi, hamsini na nane kwa saa;
mimi pale hushika breki zote mbili
na jina la Mungu.

Na kila Jumanne, Uru, juu kidogo ya daraja la mfereji,
mstari wake unasimama.
Dakika nne. Tano. Siku moja ya masika, kumi na tisa.
Kisha unaendelea, na moyo umeshuka hadi tisini.

Pancha? Nani hupata pancha
kila Jumanne, saa moja kasorobo, mahali pale pale?
Nilikaa na swali hilo wiki nzima
kama mwiba wa kidoleni: hauuii, hauachi.

Jumanne sikufungua karakana.
Nilimfuata, yaani niliufuata mstari,
uzi wa buluu kwenye ramani isiyo na migomba,
isiyo na tope, isiyo na wanafunzi
wanaopiga kelele, "Mzee, kaza!"
Namba zake kushoto, zangu kulia.
Yeye kumi na nne, mimi nane.
Yeye kumi na tatu, mimi sita
na kikohozi.

Uliposimama, nikasimama.
Bomba. Ndoo ya njano. Uzio wa masale.
Mama mmoja akanitazama, akautazama usukani.
"Hicho ni cha Ndewario," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"
Akamvuta mtoto aliyejificha nyuma ya khanga.
"Huyu ndiye aliyekikwaruza. Kwa msumari!
Yule kijana hakugomba. Alisema,
sasa hata kikipotea kitajulikana."

Vitu vya Memorial havisemi vilikotoka.
Kimoja kimeuzwa, kingine kimeibwa,
kingine kimeachwa na mtu asiyekihitaji tena.
Nilisema, "Sijui, mama,"
na maneno hayo yalikuwa mazito
kuliko kilima chote nilichokwisha kupanda.
Hakuuliza tena. Alinijazia chupa.
Mtoto alikishika kwa mikono miwili,
akabonyeza, akabonyeza,
kama mtu aliyerudishiwa chake.

Nyumbani kikaniambia kumbukumbu imejaa:
zifutwe za zamani, ya leo ipate nafasi?
Nilikaa nacho hadi chai ikapoa.
Nikabonyeza hapana.

Kwa hiyo mimi sikupanda Uru. Hakuna ushahidi,
labda magoti.

Kipo kwenye droo, pamoja na valvu na solusheni.
Jumanne nakitia mfukoni, kimezimwa,
nampelekea mtoto achezee dakika nne,
mara nyingine tano.
Na mlangoni nimeandika kwa chaki,
naandika upya kila mvua ikinyesha:
NDEWARIO, KIDUDE CHAKO KIPO HAPA.
ELFU KUMI NA TANO.
Chini yake, kwa herufi ndogo: au bure.